Tibakemikali ya Sindano: Kuyatuliza Maudhi, Kuitambua Hatari na Kuikabili Hofu

Miongoni mwa tiba zote za saratani, tibakemikali huenda ndiyo inayoogopwa kuliko nyingine. Wapo wagonjwa wanaoihofia kuliko ugonjwa wenyewe, na wapo wanaoikatiza baada ya dozi ya kwanza au ya pili kwa sababu ya yale waliyoyapata mwilini au waliyoyasikia kwa majirani. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mgonjwa aliyeandikiwa tiba hiyo kwa njia ya sindano au dripu, na kwa ajili ya ndugu wanaomuuguza. Lengo lake ni kumsaidia msomaji kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: maudhi ya dawa, ambayo husumbua lakini hutulizwa na kupita, na dalili za hatari, ambazo hazipaswi kungojwa hata usiku mmoja.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee katika mazingira yetu. Mgonjwa wa saratani nchini Tanzania mara nyingi husafiri mbali kuifuata tiba. Hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, au Hospitali ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, au KCMC mjini Moshi. Hupewa dawa, hupumzika kwa ndugu siku moja au mbili, kisha hupanda basi kurudi kwao kungoja tarehe ya dozi inayofuata. Kwa hiyo maudhi mengi hayamkuti mbele ya daktari wake. Humkuta nyumbani, mahali ambapo msaada wa kwanza ni familia na zahanati ya kijiji. Kinachoamua usalama wake siku hizo ni kile ambacho yeye na watu wake wanakijua.

Kwa nini dawa hizi huuudhi mwili

Seli za saratani hugawanyika na kuongezeka upesi bila mpangilio. Dawa nyingi za tibakemikali huzishambulia seli zinazogawanyika upesi na kuziua au kuzizuia zisiongezeke. Hata hivyo, mwili una seli zake nyingine njema ambazo kwa kawaida huzaliwa upesi: seli za mizizi ya nywele, za utando wa kinywa na utumbo, na zile za uboho wa mifupa zinazotengeneza damu. Nazo huguswa na dawa. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, kinywa hupata vidonda, tumbo huvurugika na chembe za damu hupungua. Seli njema, tofauti na za saratani, zina uwezo mkubwa wa kujijenga upya, na hii ndiyo sababu dozi hutolewa kwa awamu. Mpangilio mmoja unaotumika sana ni wa siku 21, ingawa ipo mipangilio ya kila wiki na mingineyo. Siku za mapumziko ni sehemu ya tiba, maana ndizo zinazoupa mwili nafasi ya kujirudi.

Siku ya kupewa dawa

Kabla ya dozi, mgonjwa hupimwa damu na mara nyingi uzito, kwa kuwa vipimo hivyo humwongoza daktari katika kukadiria kiasi cha dawa. Hutangulizwa pia dawa za kuzuia kichefuchefu, kama ondansetroni na deksamethasoni. Dawa hizo za awali zisidharauliwe: ni rahisi zaidi kukizuia kichefuchefu kabla hakijaanza kuliko kukituliza kikishapamba moto.

Dawa inapoingia, mambo mawili yanamtaka mgonjwa aseme mara moja, bila haya na bila kuona kwamba anamsumbua muuguzi. La kwanza ni maumivu, hisia ya kuungua au uvimbe mahali palipochomwa sindano. Dawa kama doksorubisini na vinkristini zikivuja nje ya mshipa zinaweza kuunguza nyama na kuacha kidonda kibaya. Dripu ikisimamishwa mapema, madhara hupungua. La pili ni kuwashwa mwili, kubanwa kifua, kuhema kwa shida, kizunguzungu au uso kuvimba. Hizo ni dalili za mzio, na dawa kama paklitaxeli inaweza kuuleta ndani ya dakika chache za mwanzo.

Kabla ya kuondoka hospitalini, mgonjwa ahakikishe anacho kitu kimoja muhimu kuliko vyote: karatasi au kadi inayoonyesha jina la ugonjwa wake, majina ya dawa alizopewa, tarehe ya dozi na namba ya simu ya kliniki. Mganga wa zahanati ya mbali hawezi kujua kwamba aliyeketi mbele yake yumo katika tiba ya saratani asipoambiwa. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema iwapo mgonjwa hatakuwa na nguvu za kueleza.

Maudhi yanayotulizwa nyumbani

*Kichefuchefu na kutapika.* Hutokea zaidi katika siku chache za kwanza. Meza dawa za kuzuia kutapika kwa saa ulizoelekezwa, hata kama wakati huo huhisi kichefuchefu. Kula kidogo kidogo mara nyingi: uji mwepesi, mtori, wali mkavu, viazi vya kuchemsha. Epuka vyakula vya mafuta mengi, na ikiwezekana kaa mbali na jiko wakati wa kukaanga. Chakula kikiwa na ladha ya chuma, jaribu kutumia kijiko cha mbao au cha plastiki.

*Vidonda vya kinywa.* Piga meno kwa mswaki laini. Sukutua mara kadhaa kwa siku kwa glasi ya maji safi ya vuguvugu yaliyotiwa robo kijiko cha chai cha chumvi na robo kijiko cha magadi ya kuokea, kisha uteme. Acha pilipili, ndimu na vinywaji vya moto sana hadi vidonda vipone.

*Kuharisha au kufunga choo.* Kwa kuharisha, kunywa maji yenye chumvichumvi maalumu yapatikanayo katika zahanati na maduka ya dawa. Kwa kufunga choo, ambako huwasumbua sana watumiao vinkristini, ongeza maji na matunda yaliyomenywa, na umweleze daktari mapema ili akupe dawa inayofaa. Usijipige bomba la maji.

*Uchovu.* Uchovu wa tibakemikali hauishi kwa usingizi wa usiku mmoja. Familia ielewe kwamba si uvivu. Pumzika, lakini usilale siku nzima. Kutembea kidogo uani kila siku huurudishia mwili nguvu.

*Ganzi ya vidole.* Paklitaxeli, vinkristini na sisplatini zinaweza kuleta ganzi au hisia ya kuchomwachomwa mikononi na miguuni. Anayepatwa na hali hiyo asitembee peku wala asishike sufuria ya moto bila kitambaa, maana anaweza kuungua asihisi. Amweleze daktari katika kila kliniki hali inavyoendelea, ili kiasi cha dawa kiweze kupunguzwa kabla ganzi haijawa ya kudumu.

*Mabadiliko ya rangi.* Doksorubisini ni dawa nyekundu, na mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili baada ya dozi. Hiyo ni rangi ya dawa. Mkojo ukiwa mwekundu baada ya siku hizo, au ukitoka kwa maumivu, huenda ni damu, na ni sharti kwenda hospitali. Kucha, viganja na hata ulimi vinaweza kuwa vyeusi zaidi. Haya husumbua macho tu na hufifia taratibu baada ya tiba.

Wapewao sisplatini au saiklofosfamaidi wanywe maji kwa wingi kama walivyoelekezwa na wasibane mkojo, kwa kuwa dawa hizo huweza kuumiza figo au kibofu. Anayetumia sisplatini aseme pia iwapo masikio yanavuma au usikivu umepungua.

Homa: jambo lisilongoja asubuhi

Ikiwa msomaji atasahau yote katika makala hii, asisahau sehemu hii.

Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili dhidi ya vijidudu, hupungua kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Katika siku hizo, maambukizi ambayo mtu mwingine angeyashinda bila kujua yanaweza kuenea kwenye damu na kumuua mgonjwa katika muda wa saa chache. Kwa kuwa askari ni wachache, huenda kusiwe na usaha, uvimbe wala kikohozi. Mara nyingi dalili pekee ni homa.

Tuchukue mfano wa mama aliyepewa dozi yake Dar es Salaam na kurejea kijijini kwake. Siku ya kumi, jioni, mwili unampata moto na baridi inamtetemesha. Watu wa nyumbani wanawaza malaria, kama ambavyo yeyote kati yetu angewaza. Wanamnunulia parasetamoli na dawa ya mseto dukani. Parasetamoli inaishusha homa, mama anapata usingizi, nyumba nzima inapumua. Lakini maambukizi hayajaguswa; yamefichwa tu. Kufikia alfajiri mama hana nguvu ya kuketi. Hakuna mtu aliyefanya uzembe katika nyumba hiyo. Walifanya walichozoea kukifanya, ila walikifanya kwa mtu ambaye mwili wake, kwa siku hizo, si kama wa wengine.

Kwa hiyo, kila nyumba yenye mgonjwa wa tibakemikali iwe na kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto hakipo, fanyeni yafuatayo:

1. Mpelekeni mara moja katika hospitali au kituo cha afya kinachoweza kumchoma antibiotiki kwenye mshipa, iwe mchana au usiku.
2. Msimpe parasetamoli kabla joto halijapimwa na kuandikwa, wala msitumie dawa hiyo kama sababu ya kungoja kuona.
3. Mfikapo, semeni sentensi hii kabla ya nyingine yoyote: "Huyu ni mgonjwa wa saratani, amepewa tibakemikali tarehe fulani, na sasa ana homa." Toeni na ile karatasi.
4. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini kisiicheleweshe antibiotiki. Hata kipimo kikionyesha malaria, maambukizi mengine yanaweza kuwapo pamoja nayo.
5. Pigeni simu kliniki ya saratani ili madaktari wa pande zote mbili wazungumze.

Kinga nayo ina nafasi yake. Nawa mikono kwa sabuni, wewe na kila anayekuhudumia. Kunywa maji yaliyochemshwa. Epuka maziwa mabichi, mayai yasiyoiva na kachumbari isiyooshwa vema. Katika siku hizo jiepushe na misongamano na watu wenye mafua au kikohozi, na usichanjwe chanjo yoyote bila kumuuliza daktari wako.

Dalili nyingine zinazotaka hospitali upesi

- Kutokwa na damu puani, kwenye fizi, katika choo au mkojo, au kuona madoadoa ya damu chini ya ngozi.
- Kuhema kwa shida, maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio.
- Kutapika au kuharisha kusikokoma kwa siku nzima, au kushindwa kunywa chochote.
- Mkojo kupungua sana au kukatika.
- Kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida au kuzirai.
- Uvimbe, wekundu au kidonda mahali ulipochomwa dripu, hata kama kimejitokeza siku kadhaa baadaye.

Kwa sababu ya hatari ya kutokwa na damu, usitumie aspirini, ibuprofeni au diklofenaki bila idhini ya daktari anayekutibu saratani.

Hofu na maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Nisipotapika, je, dawa haifanyi kazi?* Ukali wa maudhi si kipimo cha nguvu ya dawa. Wapo wanaougua kidogo na kupona vema. Usiyavumilie mateso kwa kudhani kwamba ndiyo dalili ya uponyaji. Yaseme ili yatulizwe.

*Nywele zangu zitarudi?* Si kila dawa huzinyonyoa. Kwa zile zinazozinyonyoa, nywele huanza kudondoka wiki mbili hadi tatu baada ya dozi ya kwanza, na kwa wengi huota tena miezi michache baada ya tiba kwisha, pengine zikiwa na umbile tofauti kidogo mwanzoni. Wengine hupendelea kuzinyoa mapema na kujizoesha kilemba, mtandio au kofia, ili wasizikute asubuhi juu ya mto. Kuhuzunika kwa ajili ya nywele si jambo la kuonewa aibu.

*Naweza kuwaambukiza wanangu?* Saratani haiambukizwi kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kulala chumba kimoja. Tahadhari ipo kwa mabaki ya dawa yatokayo mwilini kwa siku mbili hivi baada ya dozi. Anayesafisha matapishi, mkojo au kinyesi chako avae glovu. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Choo cha maji kimwagiwe maji mara mbili, na cha shimo kifunikwe. Baada ya hapo, mchukue mwanao mapajani.

*Dawa za mitishamba je?* Mimea si kitu kigeni katika tiba hii: vinkristini ilipatikana katika mmea wa maua wenye asili ya Madagaska, na paklitaxeli katika gome la mti. Tofauti iko katika kipimo. Dawa iliyosajiliwa hujulikana kila miligramu yake. Kikombe cha majani yaliyochemshwa hakijulikani kina nini wala kiasi gani, na kinaweza kulielemea ini au figo zinazofanya kazi ya kuiondoa tibakemikali mwilini. Ikiwa unatumia shubiri, mlonge au kingine chochote, mwambie daktari. Hakusudii kukukemea, anahitaji kujua ili asikosee.

*Na kuzaa?* Baadhi ya dawa hizi hupunguza uwezo wa kupata mtoto, na zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ulizeni kabla ya dozi ya kwanza kuhusu njia za kuhifadhi uzazi, na tumieni uzazi wa mpango wakati wote wa tiba. Mama anayenyonyesha asianze tiba bila kulizungumza jambo hilo na daktari.

*Naweza kufunga Ramadhani au Kwaresima?* Maji na chakula ni sehemu ya kinga ya figo na nguvu zako. Zungumza kwanza na daktari, kisha na kiongozi wako wa dini.

*Daktari ameahirisha dozi. Je, amekata tamaa?* La. Kuahirisha kwa wiki moja kwa sababu damu haijarudi kiwango chake ni uamuzi wa usalama. Kilicho hatari ni mgonjwa kuikatiza tiba mwenyewe. Ukishindwa nauli, au ukiona mwili hauwezi tena, piga simu kliniki useme hivyo kabla tarehe haijapita. Dozi inaweza kupunguzwa, dawa inaweza kubadilishwa, na ustawi wa jamii katika hospitali huweza kutazama namna ya kukusaidia. Hayo yote hayawezekani kwa mgonjwa aliyenyamaza.

*Ninalia bila sababu na sipati usingizi.* Sababu unayo. Hofu na huzuni katika ugonjwa huu si upungufu wa imani. Zikiendelea siku nyingi, zitaje kliniki kama unavyotaja homa au vidonda. Nanyi ndugu, mgonjwa anaposema anaogopa, msikimbilie kumwambia "jikaze". Ketini naye kwanza mumsikilize.

Usalama wa dawa yenyewe

Ikiwa umeagizwa kununua dawa nje ya hospitali, inunue katika famasi yenye kibali pekee, na udai risiti. Kagua kwamba boksi halijafunguliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita. Baadhi ya dawa hizi, vinkristini ikiwamo, huhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Uliza kabla ya kununua, na ubebe chombo cha ubaridi. Usinunue kwa mtu binafsi, hata akiwa na bei nafuu na maneno ya huruma. Andika jina la dawa na toleo namba yake kabla boksi halijatupwa.

Toa taarifa

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hupokea taarifa za madhara ya dawa kutoka kwa watoa huduma za afya na kwa wananchi. Dawa husajiliwa baada ya majaribio, lakini madhara yanayompata mtu mmoja kati ya maelfu huonekana tu dawa inapotumiwa na wengi, na huonekana iwapo kuna aliyesema. Mweleze mfamasia, muuguzi au daktari wako akusaidie kujaza fomu. Taja jina la dawa, toleo namba, tarehe uliyopewa, kilichotokea na lini, pamoja na dawa nyingine ulizokuwa ukitumia. Huhitaji kuwa na uhakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, shaka yatosha. Taarifa hiyo, hata hivyo, si badala ya matibabu: anza hospitali, kisha taarifa.

Mambo ya kukumbuka

- Maudhi mengi ya tibakemikali hutulizwa na hupita. Yaseme mapema.
- Joto la nyuzi 38 au kutetemeka kwa baridi ni dharura, si malaria ya kutibiwa nyumbani.
- Karatasi ya tiba yako iwe nawe popote uendapo.
- Usiongeze dawa, usiache dawa wala usichanganye dawa kabla ya kuuliza.
- Mweleze mtu mmoja zaidi wa nyumbani kwako yaliyomo katika makala hii, ili siku utakapolemewa, yeye ajue la kufanya.

Maelezo haya hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari anayekutibu. Yapeleke kliniki, umwonyeshe pale usipopaelewa, umuulize.